Miguu Minne Chini

Siku nne baada ya mbwa wangu Bosun kumwangusha, binti yangu Gillian alinipigia simu akasema hatamleta tena mtoto nyumbani kwangu mpaka yule mbwa ajue kusalimia watu. Aliyasema kwa upole, kwa sauti ile anayoitumia akishaamua jambo. Mtoto anaitwa Nell. Wakati huo alikuwa na miezi mitano, na mimi nilikuwa nimempakata mara moja tu, hospitalini, kwa dakika zisizofika kumi.

Sikuweza kumlaumu Gillian, maana nilikuwepo na niliona. Aliingia kwa mlango wa jikoni, mtoto kamfunga kifuani, na Bosun akamrukia kama anavyomrukia kila mtu. Ni mbwa wa kilo thelathini na nne. Miguu yake ya mbele ilimpata Gillian mabegani, naye akaanguka kwa makalio huku mikono yote miwili imemkumbatia mtoto. Nell hakuumia, wala hakulia. Aliyelia ni mama yake.

Mimi nilisema, "Ungegonga kwanza."

Kwenye simu nilimwambia, "Basi atafundishwa. Nipe wiki kumi na mbili."

"Hakuna haraka, Baba."

"Wiki kumi na mbili, na utakuta mbwa mwingine."

Bosun alikuwa wa marehemu mke wangu, Doreen. Alimchukua akiwa mdogo, mwaka mmoja kabla hajafariki, akamdekeza kupita kiasi, na akamtumia kupeleka maneno, kama mbwa wanavyotumika katika nyumba nyingi za bonde letu. "Bosun, mwambie baba'ko chai yake inapoa." "Bosun, hebu muulize baba'ko, amekasirika au ndiyo sura yake?" Nami nilijibu kwa njia hiyo hiyo, nikimtazama mbwa. Upo mwezi mmoja mzima ambao mimi na Doreen hatukusemezana moja kwa moja, na hatukuwa tumegombana.

Masomo ya mbwa yalikuwa kila Jumanne asubuhi katika ukumbi wa kanisa la Methodisti, hapa mjini kwetu Bacup, kaskazini mwa Uingereza. Mwalimu wetu, Bi Hesketh, alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, mifuko ya koti lake imejaa vipande vya jibini. Tulikuwa watu tisa na mbwa tisa. Mimi peke yangu nilikuja na daftari. Nilisoma shule ya jioni miaka mitano huku mchana nikikata ngozi katika kiwanda cha viatu, na nilistaafu nikiwa mkaguzi mkuu. Hakuna jozi iliyotoka pale bila kupita mikononi mwangu. Sikuona kwa nini somo la mbwa linishinde.

"Anaruka kwa nini?" Bi Hesketh aliniuliza siku ya kwanza.

"Hana adabu."

"Anautafuta uso wako, Bwana Ashworth. Mbwa huamkiana uso kwa uso, na wewe wako umeuweka juu huko." Watu wakacheka. "Halafu, punguza maneno. Tangu uingie umemwambia 'hapana' mara kumi na moja. Sasa hivi anadhani ndilo jina lake."

Niliandika: *punguza maneno*.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Kengele ya mlango ikilia, mbwa anakwenda kwenye zulia lake. Mgeni anaingia bila kumtazama mbwa, mikono kaikunja. Mbwa akiruka, mgeni anageuka, anampa mgongo, anatoka nje. Hakuna kufoka wala kusukuma. Mbwa akitulia, miguu minne chini, ndipo anapata kipande cha jibini, na mgeni anamwamkia kwa sauti ndogo. Mchezo ni huo huo mara mia, mara elfu, mpaka mbwa aelewe kwamba anayetulia ndiye anayependwa.

Shida ni wageni. Mimi sina wageni. Nilimwomba jirani yangu Norman Pilling, fundi bomba mstaafu, naye wiki ya kwanza alisimama kwenye manyunyu akiingia na kutoka kama kile kindege cha saa ya ukutani.

"Cyril, goti langu hili unalijua," alisema. "Leo nimeingia kwako mara nyingi kuliko nilivyoingia kwangu mwaka mzima."

"Toka, Norman. Ameruka."

"Ameinua mguu mmoja!"

"Mmoja ni mmoja."

"Huyu mbwa ana bahati hakuolewa na wewe," Norman akasema, akatoka tena mvuani.

Nilimkamata pia Shazia, dada wa posta. "Mzee, bado nina mitaa mitatu," alilalamika, mkoba begani.

"Dakika moja tu."

"Jana pia ulisema moja, nikaondoka hapa na manyoya mpaka mdomoni." Lakini aliingia. Akakunja mikono, akatazama dari, na Bosun akatetemeka mwili mzima kama mashine inayotaka kuzimika, akaketi. Hiyo ilikuwa wiki ya tisa. Shazia alipiga kelele za furaha, Bosun akamrukia, ikabidi tuanze upya.

Kila Jumapili nilimpigia Gillian kutoa ripoti. Alikuwa akisema, "Vizuri, Baba," na nyuma yake nilimsikia mtoto. Alinitumia picha. Nell ameketi bila kushikwa. Nell na jino. Nell amesimama akishika kochi. Kila picha ilinionyesha jambo lililokwisha kupita bila mimi kuwepo, na niliongeza mazoezi.

Wiki ya kumi na mbili tulifanya mtihani. Aliingia mtu mgeni kabisa mwenye kofia na mwavuli, kisha mama mmoja na mtoto wake wa miaka miwili aliyeshika soseji. Mtoto akampiga Bosun nayo puani. Bosun alinitazama mimi, akameza mate, akabaki ameketi. Bi Hesketh akanipa cheti, na katika wale tisa ni watatu tu tuliopata. Siku hiyo hiyo nilinunua kiti kirefu cha mtoto katika duka la vitu vya mitumba, mguu mmoja ulikuwa umelegea. Niliukaza, nikakiosha mara mbili, nikakiweka mezani upande wa dirisha.

Gillian alisema atakuja Jumapili. Halafu Nell akapata mafua. Jumapili iliyofuata Simon, mume wake, alikuwa kazini. Halafu gari. Zikapita wiki sita. Niliendelea na mazoezi ili mbwa asisahau, na Norman akaendelea kuja, ingawa alikuwa ameacha utani.

Hatimaye kengele ililia, Jumapili, mchana kweupe. Bosun akaenda kwenye zulia. Nilifungua mlango.

"Umechelewa dakika ishirini na tano," nikasema.

Alikuwa peke yake. Nilitazama nyuma yake, barabarani.

"Nell yuko wapi?"

"Yuko na Simon."

"Garini?"

"Nyumbani, Baba."

Aliingia. Mikono kaikunja, si kwa kuambiwa. Bosun alikuwa ameketi, mkia unafagia sakafu, miguu yote minne mahali pake, macho yake yamejaa maji kwa hamu. Gillian alisimama akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akapiga magoti mbele yake, akamshika masikio.

"Hebu nikuone wewe," alimwambia. "Umekuwa bwana mkubwa."

"Amefaulu mtihani," nilisema. "Watatu tu kati ya tisa."

Hakunigeukia. "Pole, Bosun," akasema. "Nilikusingizia. Sababu haikuwa wewe. Ningeweza kukufungia bustanini, si ndiyo? Mlango upo. Mbwa anafungiwa nje, watu wanakunywa chai, mambo yanakwisha. Lakini ilikuwa rahisi kukusema wewe."

Nilikuwa na birika mkononi. "Gillian, mimi nipo hapa."

"Anasema yupo hapa," alimwambia mbwa. "Mwambie babu yake Nell kwamba nilijifungua kwa saa kumi na tisa. Alipoingia pale wodini, neno la kwanza alilotamka, kabla hajamtazama mtoto, ni kwamba Simon amefunga mkanda wa kile kiti cha gari vibaya."

"Ulikuwa umefungwa vibaya."

"Anasema ulikuwa umefungwa vibaya. Ni kweli, Bosun. Siku zote ni kweli. Ndiyo maana mtu hana la kujibu." Akamkuna mbwa shingoni. "Nilipotoka chuoni muhula wa kwanza, alikuja kunipokea stesheni. Miezi mitatu hatujaonana. Mimi nilikuwa nakimbia. Akanitazama miguuni, akasema kisigino cha kiatu cha kushoto kimelika upande."

Nilikumbuka. Nilikumbuka pia kwamba jioni ile ile nilikitoa kisigino hicho na kukibadilisha kwa ngozi nzuri kuliko ya mwanzo, nikavipiga rangi viatu vyote viwili, nikaviweka mlangoni kwake.

"Nilikitengeneza," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama mimi. "Najua, Baba. Nilivivaa mpaka vikaisha."

Nikadhani tumepona. Niliweka birika chini. Lakini alirudisha uso kwa mbwa, kwa sababu yaliyobaki yalikuwa magumu zaidi.

"Mwambie kila nikija hapa najikagua kwanza. Nywele, viatu, nitakachosema. Nina miaka arobaini na mbili. Leo nimefika kwa wakati, Bosun. Nimekaa ndani ya gari pale kona, dakika ishirini na tano, ndipo nikaweza kushuka." Akajifuta pua kwa kiganja. "Sitaki Nell ajifunze kujikagua. Ni hilo tu. Sina ugomvi na mtu."

Nilitaka kusema neno. Yalinijia mengi, na yote yalikuwa na hoja. Kwamba mtu asiyeambiwa kosa lake hatengenei. Kwamba mimi mwenyewe hakuna aliyenisifu na nilifika. Kwamba angeniambia miaka ishirini iliyopita. Niliyameza yote, na kimya changu sidhani kama alikiona ni kitu kingine zaidi ya hasira.

Alikunywa nusu kikombe, amesimama. Alikiona kile kiti karibu na dirisha. Alishika sehemu ya juu ya mgongo wake, akakitikisa kidogo, kikawa imara, akauondoa mkono. Alipokuwa anatoka, Bosun alibaki kwenye zulia kama alivyofundishwa, na nikasikia gari likiondoka kuelekea kwake Burnley.

Kwa wiki mbili sikupiga simu. Norman alikuja akapiga kengele, nikamwambia mazoezi yamekwisha.

"Kwa hiyo mtoto amekuja?" aliuliza.

"Amekuja Gillian."

Akanitazama, akavua kofia, akaivaa tena. "Basi mimi nipo pale kwangu," akasema.

Jumapili ya tatu nilikaa mezani nikachukua karatasi. Niliandika maneno ya kusema, na nilijiwekea sharti: hakuna kuongeza. *Habari za mchana. Nimefurahi kusikia sauti zenu. Nell hajambo?* Nilikata maneno mawili ya ziada. Nikayasoma kwa sauti, tena na tena, mpaka yakatoka bila kugugumia. Bosun alikuwa chini ya meza, kichwa juu ya kiatu changu. Nikapiga.

Simu iliita. Ikaita. Nilihesabu miito kumi na mitatu. Kisha ikapokelewa, na kabla ya mtu kusema nikamsikia Nell karibu kabisa, kama amebebwa upande ule wa simu, anasema ba-ba-ba-ba na kupiga kitu kwa kijiko.

"Haloo?" alisema Simon.

"Mnachelewa sana kupokea simu," nikasema.

Kijiko kiliendelea kugonga. Simon hakusikika kuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayehamisha mtoto kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, mbali na simu.

"Gillian yuko bafuni, mzee," akasema. "Nitamwambia umepiga."

"Simon," nikasema, lakini alikuwa ameshakata.

Nilipiga tena mara moja. Iliita mpaka ikakatika yenyewe. Nilirudisha simu mahali pake nikabaki nimeketi, na karatasi ilikuwa mbele yangu, sentensi tatu, kwa mwandiko mzuri, bila kosa.