Irakiza Anakuja Kumposa Eliane

Kila Alhamisi mimi huzunguka Kimanga na megafone, nikitangaza yatakayoonyeshwa katika sali yetu, ukumbi wetu wa michezo, mwisho wa juma. Sali yenyewe si kitu cha kujivunia. Ilikuwa depo ya saruji. Ina mabenchi, mabati yanayofunika kila sauti mvua ikinyesha, na pazia ambalo Agathe, mke wangu, alilishona kwa vikwembe vyake vya zamani. Lakini watu huja. Ijumaa ni filme: Pontien husimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea akiitafsiri kwa sauti, na kila jambazi wa filme zake hutukana kama mvuvi wa hapa kwetu. Jumamosi ni teatri. Jumapili, ibada zikiisha, ni kwaya.

Wachezaji wetu hatuwapi majina ya kubuni. Tulijaribu, ikashindikana. Hakuna mtu wa Kimanga atakayeacha shughuli zake aje kutazama mfalme asiyemjua. Lakini ukimwambia kwamba Toussaint, yule muuza brosheti za nyama, atakuwa mfalme, anakuja mbio, anataka kumcheka. Kwa hiyo kila mtu anacheza kwa jina lake, na mimi natangaza kwa jina lake.

Alhamisi ile nilitangaza hivi:

“Ijumaa, filme ya askari na mamba. Jumamosi saa tisa, Irakiza anakuja kumposa Eliane, binti ya Evariste. Baba ya binti atakuwepo. Watu wote mnakaribishwa. Jumapili, kwaya ya akina mama wa Mutarule.”

Evariste ni mimi. Eliane ni binti yangu, na Irakiza, fundi wa simu, alikuwa anampenda kweli. Mtaa mzima ulijua. Shida ilikuwa Harerimana, baba mkubwa wa Irakiza. Baba mzazi alikwisha kufariki, kwa hiyo Harerimana ndiye mwenye sauti katika ukoo. Watu wake walishuka kutoka milimani na ng'ombe zao zamani, na sasa anakaa Bwegera. Bila yeye hakuna posa. Naye alikuwa amesema hatakwenda kuomba msichana anayepanda jukwaani kupiga kelele mbele ya wanaume.

Mimi baba ya msichana siwezi kwenda kwake kumwomba aje aniombe. Kwetu haifanyiki, na kwao haifanyiki. Tukakaa hivyo. Eliane aliacha kuimba akiosha vyombo, na ukimya ule niliuchukia kuliko kelele zake zote.

Mchezo wa posa waliutunga Eliane na Irakiza. Mimi sikuupenda. Agathe aliniambia, “Kama haolewi kweli, mwache aolewe Jumamosi. Na weye utakaa kwenye kiti, utakuwa baba yake. Hiyo kazi unaijua.”

Nilipokuwa natangaza, motari mmoja alikuwa akijaza pikipiki yake mafuta kando ya barabara. Alisikia habari ya posa tu, mamba hakuwasikia, akaondoka na abiria wake kwenda Bwegera.

Jumamosi sali ilijaa. Mimi nilikaa kwenye kiti nimevaa koti lililonibana. Toussaint aliingia akiwa msemaji wa upande wa kijana, kofia imemfunika macho, fimbo mkononi, anatembea amekunja magoti kama mchungaji aliyechoka.

“Tumepotea njia,” akasema. “Tunafuata ndama wetu. Nyayo zake zimeingia hapa kwenu.”

“Hapa hatujaona ndama,” nikamjibu. “Hapa iko samaki ndagala tu. Unataka ya kukaanga?”

Watu wakacheka. Ndipo mlango wa nyuma ulipofunguliwa, akaingia Harerimana mwenyewe, amevaa koti refu, ana fimbo yake. Nyuma yake walikuja wazee wenzake, na mke wake Nyiramana amebeba kibuyu cha maziwa. Nilimwona Irakiza akichungulia kwenye pazia. Kichwa kikarudi ndani upesi.

Harerimana alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele.

“Huyu anayesema kwa ajili ya nyumba yangu ni nani?”

Toussaint alidhani ni mchezo umeongezwa bila yeye kuambiwa. “Minye ni baba mkubwa wa kijana,” akasema.

“Weye? Na fimbo uko unaishika kama mwiko wa ugali?”

Sali ikaanguka kwa kicheko. Toussaint akaenda kukaa benchi la mbele, fimbo ameilaza chini. Harerimana akanigeukia.

“Evariste, nimesikia kwa motari. Kwa motari. Kwamba mtoto wa ndugu yangu anakwenda kuposa bila wazee. Huyu mtoto hana watu? Watu anao. Huyo msichana wenu sikumtaka, sifichi. Lakini mtoto wetu hawezi kusimama mbele ya wakwe kama mtu aliyeokotwa.”

Nilitaka kumwambia kwamba ni mchezo. Kweli nilitaka. Lakini niliwaza ukimya wa nyumbani kwangu, na maneno yaliyotoka mdomoni yalikuwa, “Karibu, muzee.”

Akaanza. Alisema mambo ya posa kama yanavyosemwa, polepole, bila kutafuta neno. Alisifu nyumba yangu, akamsifu Agathe ambaye hakuwahi kumwona, akawataja babu za Irakiza mmoja mmoja. Alipoingia katika lugha yake, Pontien aliinuka kwa mazoea yake ya Ijumaa akawa anatafsiri, na safari hii hakumtukanisha mtu. Kisha Harerimana akapiga fimbo chini.

“Kuna ng'ombe wangu, jina lake Gaju. Mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji. Nimemkuza mwenyewe. Huyo ni wa Eliane.”

Watu wakasimama, wakapiga makofi na vigelegele. Na hapo mzee akashtuka. Alitazama mabenchi yote yaliyoelekea upande mmoja. Alitazama pazia. Alimtazama Toussaint.

“Kwa nini wanapiga makofi? Hapa ni wapi?”

Mimi nilitazama viatu vyangu. Eliane akatoka nyuma ya pazia, akapiga magoti mbele yake.

“Baba mkubwa, hapa ni teatri,” akasema, kwa ile sauti yake inayofika benchi la mwisho. “Sisi tulikuwa tunacheza, kwa sababu posa ya kweli tuliikosa. Aliyesema kweli hapa ni weye peke yako. Kama tumekukosea, fimbo iko mkononi mwako.”

Harerimana aliitazama fimbo yake, kisha mlango. Nikajua akigeuka sasa na kutoka, hatarudi tena, wala Irakiza hatarudi.

“Muzee, sema jambo,” Nyiramana akamwambia. “Maziwa iko inachacha.”

“Ng'ombe nimemtaja?” akamuuliza mke wake.

“Umemtaja.”

“Kwa jina?”

“Kwa jina na kwa doa lake. Mbele ya Kimanga yote.”

“Basi,” akasema. “Kwetu ng'ombe akiisha kutajwa mbele ya watu, harudi nyuma. Nyinyi mlikuwa mnacheza, hiyo ni shauri yenu. Gaju hachezi.” Kisha akamtazama Eliane. “Simama, mtoto. Minye sikio hili lilikufa zamani. Sijasikia neno zima la mwanamke tangu...”

“Tangu alipotaka,” Nyiramana akasema.

“Leo nimesikia yote,” mzee akaendelea, kama hakumsikia. “Sauti ya namna hiyo, nyumbani kwangu inahitajika.”

Katika mchezo nilikuwa na maneno mengi ya kukataa, Eliane alinikaririsha juma zima. Sikukumbuka hata moja. Nilisema, “Tumepokea,” Nyiramana akanipa maziwa. Maziwa ya kuchacha siyapendi. Niliyanywa mpaka chini.

Alhamisi iliyofuata nilizunguka tena na megafone. “Ijumaa, filme ya yule askari, sasa ametoka hospitali. Jumamosi hakuna teatri. Sali yote inakwenda Bwegera kumwona Gaju.”

Mama Fabiola aliacha kupanga ndagala zake juani akaniita.

“Evariste, hiyo ya Gaju ni mchezo ama ni kweli?”

Nikashusha megafone.

“Ni kweli, mama. Toussaint amekatazwa kubeba fimbo.”