Madaftari Yasiyokombolewa

Kila mwisho wa mwezi Mudathiri, mwenye duka la vitabu karibu na stendi ya Masasi, huwatandazia wateja mezani kurasa anazotumiwa kutoka Dar: majalada na vipande vya mikusanyo ya katuni ambayo bado haijatoka. Unatazama, unachagua, unalipa, na kitabu kinakuja kikishachapwa. Anayengoja kukiona rafuni hukikosa.

Cecilia alikuwa ameshuka kutoka Newala na binti yake Loveness, wa miaka minane, aliyeshika nafasi ya pili darasani na kuahidiwa kitabu. Kimoja tu, walikubaliana hivyo tangu nyumbani, na Loveness aliapa hatalia.

Mtoto akaamkia, Mudathiri akaitikia marahaba, akamtania kwamba mtu wa pili hupewa nusu kitabu. Loveness hakumsikiliza, alishaanza kupekua. Palikuwa na sungura mpelelezi, palikuwa na timu ya mpira ya wasichana, palikuwa na jini aliyefeli mtihani. Akapanga, akapangua, akauliza kipi kina kurasa nyingi. Halafu kidole chake kikasimama juu ya jalada moja.

"Mama, nataka hiki. Huyu mama ana pengo kama lako."

Cecilia akainama. Mwanamke kabeba ndoo, pengo nje, anagombana na mbingu kwa sababu kisima cha uani kimekauka. Na kwenye kona, wingu: mistari iliyosokotana ovyo, mizito, haina mwanzo wala mwisho. Wingu lile alilichora Loveness mwenyewe, hajafikisha hata miaka miwili, alipoinyakua kalamu ya baba yake na kuuharibu ukurasa. Isaka hakuufuta. Alitia matone ya mvua chini yake, akasema sasa nyumba ina mafundi wawili.

Chini ya jalada jina lilikuwa la Mwalimu Alphonce.

Isaka alikuwa mchora mabango ya maduka. Katuni alizichora akirudi kazini, kwenye madaftari manne makubwa. Alipofariki, watani walikuja msibani na vituko vyao kama ilivyo ada: mmoja akabeba kiti, mwingine akakamata jogoo, na Mwalimu Alphonce, mtani wao kutoka Songea aliyemfundisha Cecilia kusoma na kuandika kwenye masomo ya jioni, akakumbatia madaftari. Mkiyataka mje mkomboe, alisema, na uani pote pakaangua kicheko. Hata Cecilia alicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kiti na jogoo vilikombolewa siku ile ile kwa vijisenti. Madaftari yalimtoka akilini, na alipoyakumbuka mwalimu alishapata uhamisho.

"Hizi kachora mume wangu," alisema taratibu.

Mudathiri akaweka kalamu chini. Hata bango la duka lake, lililopauka pale juu ya mlango, lilikuwa kazi ya Isaka. "Mimi nakuamini, Mama Loveness. Ila huko Dar watataka karatasi. Unayo hata moja?"

Hakuwa nayo. Mashahidi walikuwepo tele, lakini wangeshuhudia nini zaidi ya utani?

"Kumbe ni baba?" Loveness aliuliza.

"Ni baba yako. Na hilo wingu ni lako."

Mtoto akalitazama wingu, akalipitishia kidole. "Sasa mbona tunanunua?"

Cecilia akaishika pochi yake. Angeweza kumchagulia sungura, wakaondoka zao, asimtajirishe yule mtu. Lakini mkono wa Isaka haukubaki popote nyumbani, na mtoto hakuwa na kumbukumbu yoyote ya baba yake. Akatoa pesa. Akajiambia kwamba anakomboa, amechelewa tu, ingawa anayekomboa hurudishiwa chake, na yeye angepata nakala moja, sawa na mteja yeyote.

Mudathiri akajaza risiti. Mahali pa mwandishi aliandika Alphonce, akaomba radhi: wasipoliona jina hilo, agizo halitashughulikiwa. Cecilia akaipokea nakala yake, akaazima kalamu, akalikata lile jina na kuandika Isaka juu yake, polepole, herufi moja moja.

Loveness akamsifu kwamba ana mwandiko mzuri.

Cecilia aliitazama ile k, imesimama wima, mkia umeshuka hadi mstari wa chini, vilevile kama alivyofundishwa na Mwalimu Alphonce.