Matofali ya Doris

Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili, wanafunzi wa kidato cha pili walifika shuleni na vitu walivyoagizwa: jembe, ndoo, fagio la chelewa, na kwa kila watu wawili kibao kimoja cha kufyatulia matofali. Mwalimu wao wa darasa alikuwa mgeni. Jina lake Wenceslaus, kijana aliyeripoti wiki iliyotangulia akiwa na begi moja na jiko la gesi, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia lolote, alifungua daftari la mahudhurio akaita kila jina lililoandikwa humo.

"Doris," aliita, jina la kumi na moja.

Editha, aliyekaa peke yake kwenye dawati la watu wawili, alitazama nafasi iliyokuwa wazi ubavuni mwake. Mwalimu aliita tena, akasubiri kidogo, akaandika M, herufi ya mtoro, kisha akaendelea na Goodluck.

Doris alikuwa amekufa tangu Oktoba. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Editha, lakini wasichana hao walilala kitanda kimoja tangu utotoni, na aliyewaita binamu alisahihishwa papo hapo. Siku ile walikuwa kwenye somo la vitendo, mada ya ujenzi, katika shimo la udongo nyuma ya shule. Doris alikuwa chini akichimba, Editha juu akipokea ndoo. Ukuta wa shimo ulishuka taratibu, kama mzee anayekaa. Walipomfikia, udongo ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ditram, alihudhuria mazishi, akaleta mchele, akazungumza vizuri sana. Kisha akarudi ofisini na kuagiza iandikwe kwamba siku hiyo mwanafunzi alikuwa ametoroka kipindi. Angeandika kwamba amekufa, ingebidi aandike pia alifia wapi, alikuwa akichimba nini, na kwa faida ya nani. Kwa hiyo kwenye daftari Doris hakufa. Alitoroka, akaendelea kutoroka kila siku ya shule, hata akapandishwa kidato cha pili akiwa bado anatoroka. Mwezi wa tatu mama yake, Regina, aliandikiwa barua ya kujieleza kwa nini mtoto haendi shule. Aliifunga kwenye pindo la kanga na hajaifungua mpaka leo.

Matofali yenyewe yalikwenda Mikumi. Novemba darasa zima lilipelekwa ziara ya mafunzo hifadhini, likiwa limekaa juu ya matofali ndani ya lori. Lori lilisimama kando ya barabara kuu, kwenye msingi wa nyumba ya wageni ya Mwalimu Ditram, na wanafunzi wakapakua hadi saa nane mchana. Pundamilia wawili walionekana kwa mbali. Jumatatu iliyofuata waliandika insha kuwahusu.

Sasa, Jumanne ya wiki ile ya kwanza ya muhula, Editha aliingia darasani akakuta tofali juu ya dawati, upande wa Doris. Lilikuwa na saruji kavu kwenye kingo, vumbi jekundu la safari, na mbegu za nyasi zilizonasa kwenye saruji. Ubavuni lilikuwa na herufi D yenye mkia. Kila mwanafunzi alikwaruza herufi yake kwa kijiti tofali likiwa bichi, ili apewe maksi zake, na D yenye mkia ilikuwa ya mtu mmoja tu. Doris alikuwa amefyatua matofali sitini na manne, Editha sitini na mawili, na mpaka asubuhi ya kufa kwake Doris alikuwa hajaacha kumcheka.

Mwalimu Wenceslaus aliuliza tofali ni la nani. Editha akasema ni la Doris. Mwalimu akasema si neno, mradi lisikwaruze dawati. Akaita mahudhurio, akaandika M.

Jumatano lilikuja la pili. Jina likiitwa leo, kesho tofali linafika. Wanawake wa upande wa Zombo waliokuwa wakienda shamba alfajiri waliyakuta njiani, yakija kutoka Mikumi, yakitembea upande wa kulia kama watembea kwa miguu wanavyofundishwa. Mmoja wao alisema tofali lilimpisha yeye na baiskeli yake, akalishukuru. La nne lilichelewa kengele, na mwalimu wa zamu akalisimamisha nje pamoja na wachelewaji wengine mpaka saa tatu.

Editha aliyapanga chini ya dawati na kuyafuta vumbi. Hakulia. Alijua kila moja limeacha tundu mahali, na alilala usingizi mzuri akiyafikiria matundu hayo. Watu wa pale nyumbani walimwambia amwachie Mungu. Yeye alikuwa amemwachia Mungu miezi tisa, na miezi yote tisa aliona nyumba ya Mikumi ikipanda. Hakutaka tena haki, kwa sababu haki alikuwa ameshaiona sura yake ofisini. Alitaka kisasi.

Mwisho wa mwezi alifika fundi Hussein kwa bodaboda, mkononi ameshika simu yenye picha za ukuta. Alimweleza mkuu, wanafunzi wakisikia, kwamba akiziba tundu kwa tofali jingine linadondoka kabla saruji haijakauka, na kwamba chumba namba tatu sasa mtu anaweza kupitisha mkono akasalimiana na aliyeko barabarani. Nyumba ilikuwa ifunguliwe siku ya Nane Nane. Mwalimu Ditram alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza matofali yanawezaje kutembea. Aliuliza yanaitwa na nani.

Kesho yake Mwalimu Wenceslaus aliita jina la kumi, kisha la kumi na mbili. Alipofika kwa Doris kalamu yake iliandika M bila mdomo kufunguka. Asubuhi iliyofuata halikuja tofali, wala iliyofuata. Chini ya dawati yalikuwa ishirini na moja.

Editha alimfuata mwalimu kwenye korido.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Editha."

"Naomba ile M ya Doris ifutwe. Iandikwe amefariki."

Mwalimu Wenceslaus hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Editha. Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Ili niandike hivyo nahitaji cheti cha kifo," alisema. "Cheti kinahitaji barua ya mkuu wa shule. Na mkuu ameshaandika kuwa ni mtoro."

"Basi endelea kuita jina lake."

"Nimekatazwa."

Editha akamshukuru. Mchana ule, chini ya mti wa kengele, alizungumza na wenzake mmoja mmoja, naye hakuhitaji maneno mengi. Wote walikuwa wamechimba shimo lile, na wote walikuwa na herufi zao ndani ya kuta za Mikumi.

Asubuhi iliyofuata mwalimu aliita, "Agnesi."

Agnesi alisimama akasema, "Doris."

Akaita Bryson. Bryson akasema, "Doris." Akaita wote arobaini na watatu na wote wakajibu hivyo hivyo, kwa adabu, wakikaa baada ya kujibu. Editha alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siku iliyofuata matofali arobaini na matatu yalikuwa yamejipanga mstarini kabla ya kengele, yakiwa yamenyooka kuliko kidato chochote. Saa mbili na robo Hussein alipiga simu. Ukuta wa mbele ulikuwa umekaa chini, na paa likaufuata. Hakuna aliyeumia. Mwalimu Ditram alisikiliza, akaitia simu mfukoni, akalichapa darasa zima viboko vinne vinne, akikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Editha alihesabu vyake akitabasamu, akaongezewa viwili.

Siku mbili baadaye Regina alikuja na toroli. Kaburi la mwanawe lilikuwa bado tuta la udongo, na aliomba matofali yale sitini na manne alijengee. Mwalimu Ditram alimkaribisha kiti, akamweleza kwa upole kwamba matofali hayo ni mali ya shule, na mali ya umma haigawiwi. Regina akarudi na toroli tupu. Matofali yalijengwa kuwa kitako cha mlingoti wa bendera. Hayakugoma, yalikuwa yamefika shule, na safari yao ilikuwa imeisha.

Kisha mkuu alitangaza kwamba somo la vitendo linaanza rasmi Jumatatu. Kila mwanafunzi alitakiwa kufyatua matofali mia moja, kwa kuwa kuna nyumba imepata hasara. Shimo lilikuwa lile lile. Ukuta wake wa upande wa mto ulikuwa na ufa mpya, na waliingia humo kwa zamu, saba saba.

Editha aliingia zamu ya kwanza. Alichimba, akapanda, akakanyaga udongo, akajaza kibao, akafyatua. Kisha alichukua kijiti akakwaruza herufi D, akaipa mkia. Akamwonyesha Agnesi jinsi mkia unavyokatwa, Agnesi akamwonyesha Bryson, na mpaka adhuhuri uwanja mzima ulikuwa umeanikwa herufi moja. Mwalimu Ditram alipita akikagua, mikono nyuma. Alisifu mwandiko kwa kuwa umefanana.

Septemba tanuri lilipopoa, lori lilikuja kuchukua mzigo wa Mikumi. Editha alisaidia kupakia, moja moja, akiyafuta majivu. Lori lilipopotelea kwenye kona alinawa mikono na kurudi darasani, akakaa upande wake wa dawati, akasubiri Mwalimu Wenceslaus aite mahudhurio. Daftarini siku hiyo waliandikwa waliopo arobaini na watatu, mtoro mmoja.