Wa Sita Akae Pembeni

Ndoto hii sikuiota usiku. Niliiota Ijumaa iliyopita, saa nane na nusu mchana, dukani kwangu hapa Tabora, kichwa nimekilaza mezani pembeni ya kompyuta.

Kazi yangu ni kupiga video za shughuli za wanawake, kule ambako wapiga video wa kiume hawaruhusiwi kuingia. Mchana ule kompyuta ilikuwa inabadilisha faili za sherehe ya kumuaga Kalunde, binti wa rafiki yangu Bi Asumini. Kamera yangu ni ya mtumba, imetoka Marekani, na inapiga picha thelathini kwa kila sekunde. Programu yangu ya kuhariri inataka ishirini na tano. Faili zisipobadilishwa kwanza, video inakwamakwama kama mtu mwenye kwikwi. Ndoa ilikuwa kesho yake, na Bi Asumini alitaka dakika arobaini za bintiye akicheka, zioneshwe ukumbini. Alirudia mara mbili kwamba anazitaka za kucheka tu.

Basi, naota nimesimama stesheni ya reli, kamera inaning'inia shingoni. Behewa moja liko tayari. Mbele yake wamepanga foleni mabibi harusi thelathini, wote Kalunde, wote na gauni lile lile la njano. Wa kwanza ndiyo kwanza anaanza kuinua mkono. Wa thelathini ameshaufikisha sikioni. Naelewa kwamba foleni nzima ni sekunde moja.

Mlangoni yuko karani. Uso wake unageuka kijani kuanzia kidevuni, polepole, kama chupa inayojazwa maji. Kwa sasa kijani kimefika mdomoni.

"Viti ni ishirini na tano," anasema. "Wa sita akae pembeni."

Anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, wanapanda. Wa sita anasogea pembeni bila kulalamika. Anaanza tena moja. Foleni inapokwisha, watano wamebaki chini. Behewa linasogea, linakuja jingine, na nyuma yao wamekwishajipanga thelathini wengine.

Namuuliza hao waliobaki watasafiri na nini. Anajibu kwamba hawasafiri. Namuuliza kama wenyewe wameambiwa. Anasema ishirini na tano wakipita haraka, hakuna atakayeona tofauti, na kwamba hivyo ndivyo nilivyokubali mwenyewe nilipobonyeza kitufe.

Nageuka, na stesheni imekuwa sebule ya Bi Asumini. Vitambaa vya makochi ni vile vile, vya kufuma kwa mkono, ila reli inapita katikati ya makochi na kutokomea jikoni. Ukuta wa mwisho haupo. Wa sita wote wamepangwa huko, safu baada ya safu, njano mpaka macho yanachoka.

"Elfu kumi na mbili kamili," anasema karani. "Dakika arobaini."

Ndipo naanza kuwatazama nyuso. Waliopanda wanacheka, wote, kila dirisha. Waliobaki hakuna anayecheka. Mmoja anatazama mlango. Mwingine ameshika kitambaa cha kochi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Wengi hawana kitu usoni kabisa. Nyuso zao zimekaa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama wakasahau kufunga madirisha.

Naiuliza kamera kama iliyaona haya siku ile.

"Mimi nilirekodi," inajibu. "Kuona ni kazi yako."

Kamera inaendelea.

"Ulimwambia acheke. Mara kumi na saba. Ninazo zote."

Inaanza kunisikilizisha. Ni sauti yangu kweli, ile tamu ya kazini. Cheka, mwanangu, kamera inakuona. Cheka tena, mama yako anatazama. Naifunika kwa mkono, na sauti inatoka katikati ya vidole.

Namsogelea wa sita aliye karibu nami. Namwita kwa jina lake. Anafungua mdomo na kusema kitu kirefu, kwa utulivu, akinitazama usoni, lakini hakuna kinachosikika.

"Sauti haipunguzwi," karani ananieleza. "Imepanda yote."

Dirisha la behewa linashushwa. Kalunde mmoja kati ya waliopanda anatoa kichwa nje. Anacheka vizuri, meno yote nje, na anazungumza kwa sauti ya mtu anayekaribisha wageni chakula.

"Shangazi, mtu hawezi kucheka mfululizo. Nacheka tano, ya sita napumzika."

"Unapumzika nini?"

"Kuitikia."

Namwambia kesho shehe atamtuma mtu na mashahidi kumuuliza kama ameridhia. Hapo ndipo mahali pake pa kusema.

"Nitanyamaza," anasema, na kicheko hakitikisiki. "Na mwari akinyamaza, si ndiyo amekubali?"

Anapandisha dirisha. Kijani cha karani kimepita nyusi. Ananipa bendera na kunieleza kwamba imebaki asilimia moja, nipeperushe, treni iondoke. Wa sita watafagiliwa jioni. Nyuma yangu elfu kumi na mbili wamesogea hatua moja mbele. Sikuwasikia wakisogea.

Namwambia asimamishe treni.

"Ikisimama, kazi yote inafutika," anasema. "Una uhakika, Bi Mwanvua?"

"Ninao."

"Una uhakika?"

Namuuliza kwa nini anauliza mara mbili. Anasema ni utaratibu, na kwamba wengi hubadili mawazo kwenye swali la pili. Nawafikiria wageni ukumbini na pazia jeupe lisilo na kitu. Namfikiria Bi Asumini, miaka ishirini na sita ya urafiki.

"Ninao," nasema.

Taa za mabehewa zinazimika moja baada ya nyingine, kuanzia jikoni kuja kwetu. Katika giza lile mtu ananishika kifundo cha mkono. Ni yule wa sita niliyemwita kwa jina. Kiganja chake kimepakwa hina mbichi, nzito, baridi kama tope la kisimani. Anakaza. Hanivuti, hanisukumi. Ananishika tu, kama mtu anayehakikisha kwamba nipo.

Nikaamka.

Nje mtu alikuwa anachomelea mageti. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maandishi: kazi imesitishwa na mtumiaji, asilimia tisini na tisa. Nikajiambia kiwiko kimegusa kitufe. Nikanyoosha mkono nianze upya, na hapo nikaiona hina. Alama za vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili, mbichi, inanuka majani. Dukani kwangu hakuna hina. Nilipoifuta kwa kitambaa, chini yake rangi ilikuwa imekwishakolea, kama iliyolaliwa usiku kucha.

Nilifunga duka nikaenda kwa Bi Asumini kwa miguu, kamera nikaiacha mezani. Nilimkuta mlangoni amekasirika. Alinisimulia kwamba mpambaji amemaliza kumpaka Kalunde hina, amemwambia atulie ikauke, na mtoto naye kasinzia palepale alipokaa. Saa nane na nusu akashtuka usingizini, na mkono wa kulia ukawa umeharibika wote, vidole na kiganja. Ameshika nini, hasemi. Sasa mpambaji ameitwa tena.

Kalunde alikuwa mkekani, mkono ule ameuweka juu ya goti, anawachekea wageni. Nilikaa mbele yake nikapandisha mkono wa gauni langu. Aliitazama ile alama kwa muda mrefu, kisha akatazama kiganja chake.

"Mwanangu," nikamwambia, "leo sirekodi. Pumzika."

Akaacha kucheka.

Hakulia. Uso ulitulia tu, nikautambua. Bi Asumini alisimama mlangoni akingoja kicheko kirudi, kama anavyongoja umeme uliokatika, na hakikurudi. Mwishowe akavuta kigoda, akakaa karibu na bintiye.

"Kalunde," akasema, "una nini?"

Na safari hii akangoja jibu.