Jibu la Ndege wa Mafunjo

Mdogo wangu Ezironi hakuwa na akili ya vita hata kidogo. Alichojua ni kupiga mluzi na kula. Mwaka 1964 alipojiunga na vijana wa Rwenzururu, waasi wa milima yetu ya Uganda, akajificha mlimani juu ya Bwera nilikoolewa, mimi ndiye niliyemlisha. Alipiga mluzi kutoka migombani. Nikimjibu, njia nyeupe, aje ale. Nikinyamaza, akae huko huko.

Mluzi wenyewe ulikuwa wa ndege wa kwetu Muhokya, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, utosi wa manjano, ubawani mstari mweupe. Haishi popote ila ndani ya mafunjo ya ziwa. Dume akiita, jike humjibu papo hapo, ungedhani ni ndege mmoja. Tuliwaiga tangu utotoni, yeye dume, mimi jike.

Asubuhi moja askari watatu walikuja kumtafuta. Wakakaa uani kwangu wakichoma mahindi yangu bila hata kuomba, wana wa watu wasio na haya. Ezironi akaita. Nikaendelea kumenya ndizi, midomo nimeibana.

Askari mmoja, jina lake Magidu, akainua kichwa.

"Mama, hiyo ni ndege gani?"

"Ndege tu, afande. Iko mingi hapa."

"Hapana. Hiyo naijua. Kwetu ziwa Kyoga inakaa kwa mafunjo. Hapa mlimani mafunjo iko wapi?"

Ezironi akaita tena. Njaa haina adabu. Nikamwomba Mungu amzibe mdomo.

Magidu akanitazama, kisha akasema taratibu, "Na bibi yake, mbona hajibu?"

Nilielewa. Nikafungua mdomo nipige kelele, lakini mwenzake akaniziba kwa kiganja kinachonuka moshi. Ezironi akaita mara ya tatu; Magidu akakunja midomo, akamjibu papo hapo kwa sauti ya jike, bila kukosea.

Migomba ikatikisika. Ezironi akatoka mikono mitupu, anajipangusa viganja kwenye suruali, tayari kwa chakula.

"Dada, leo umejibu vizuri!" akaita, kabla hajatuona.

Walimpiga risasi hapo hapo. Nimewasamehe wengi katika vita vile, hata walionichomea nyumba baadaye. Magidu sijamsamehe. Sifa ya mwisho iliyotoka kinywani mwa mdogo wangu aliichukua yeye.