Tambuu Waliyobadilishana Barazani

Jaji alisoma hukumu bila kuinua macho. Mimi nilikuwa nimemshika mama mkono kwa nguvu hadi bangili yake moja ikavunjika, naye akavitazama vipande vyake kama mtu aliyekwisha fiwa na mume, maana kwetu bangili huvunjwa mwanamke anapokuwa mjane.

Baba alikuwa na miaka mitatu gerezani. Ghala la mpunga liliungua pale kijijini kwetu, mlinzi akafia humo. Wiki moja kabla, jirani alikuwa amewaona baba na rafiki yake, mzee Sankaralingam, wakibadilishana sahani ya tambuu barazani. Na kwetu tambuu haibadilishwi bure; ukishaipokea, umefunga neno. Upande wa mashtaka ukasema hapo ndipo walipokula njama ya kulichoma ghala.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa niliposimama kizimbani kutoa ushahidi. Wakili hakunifundisha, uongo ule ulikuwa wangu mwenyewe. Nilisema ile ilikuwa posa yangu, kwamba nimeposwa na Kathiresan, mtoto wa mzee Sankaralingam. Mahakama ya wilaya haikunijali, ikawafunga wote wawili. Mahakama Kuu, kwenye rufaa, ikanisadiki.

"Njama ni makubaliano ya kutenda kosa," jaji alisoma. "Haitoshi kuonyesha walikubaliana. Lazima ithibitishwe walikubaliana nini. Posa si kosa. Waachiwe."

Mama alilia. Mimi nilicheka, jamani, nilicheka kama mwehu.

Walitoka siku ya tatu. Baba hajavua hata viatu, mzee Sankaralingam akaniita kwa upole.

"Haya, mkwe wangu, harusi lini?"

Nilidhani ananitania. Kumbe hana utani. Serikali ina siku tisini za kukata rufaa, akasema, na posa isiyofika harusini itawafumbua macho. Nilimtazama baba anikingie. Baba akainama kufungua kamba za viatu, akakawia nazo sana.

Kathiresan nilimjua kwa sura tu. Na chuo cha ualimu kilikuwa kimekwisha niita. Barua ile niliichana mwenyewe jikoni, nikaitia motoni, moyo ukiniuma mno.

Asubuhi ya harusi baba alikuja kunichukua. Tulikuwa wawili tu chumbani.

"Baba, siku ile barazani mlikubaliana nini?"

Alilishika shada la maua shingoni mwangu, akalivuta huku, akalivuta kule, hadi likakaa sawa.

"Twende, mwanangu. Watu wanangoja."

Nilimpenda, nikamchukia, nikatoka naye.