Baharia wa Utemini

Kila siku baada ya chai Hezekia alivaa kofia yake na kusema anakwenda kunyoosha miguu. Hakwenda mbali. Mtaa wa pili pale Utemini palikuwa na mashine ya kukamua alizeti, naye alisimama nje, kiganja ukutani, akisikiliza injini. Ukuta ule ulikuwa unatetemeka. Katika Singida nzima hakujua kitu kingine kilichotetemeka vile, na mtu aliyemaliza ujana wake katika chumba cha injini za meli za mafuta hazoei upesi ardhi iliyotulia.

Akirudi nyumbani alikohoa mpaka akashika fremu ya mlango.

"Baba Eliana, vumbi la mashudu litakumaliza," mkewe Dorika alimwambia. Eliana alikuwa binti yao, aliyeolewa Nduguti.

"Nimepita tu pale."

Kwamba mapafu yake yameharibika, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya kilichoyaharibu. Wakili wake, Anastazia, aliyekuwa Dar es Salaam, alidai fidia ya ulemavu: mteja wake ameumizwa na mvuke wa kemikali ndani ya matangi aliyotumwa kuyasafisha. Daktari wa kampuni ya meli akaandika vingine. Mtu huyu, alisema, ameumizwa na vumbi la kwao. Maradhi ni mepesi. Akitumia dawa anaweza kurudi kazini. Basi pande mbili zikakubaliana kwamba daktari wa tatu, bingwa wa vifua aliyekuwa akija Singida mara moja kwa mwezi, ndiye aamue.

Anastazia alipowasomea maneno ya kampuni kwa simu, sauti yake ilijaa hasira. Hezekia hakukasirika. Neno "kurudi" lilimwingia kama uji kwa mtu aliyeshinda na njaa. Kama vumbi la nyumbani ndilo lililomwumiza, basi bahari ingemponya. Alilihisi tena lile joto la chini kwenye injini, mngurumo ukipanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye meno. Alimwona mwenzake wa zamu, Mfilipino mcheshi, akimsogezea kikombe cha chai. Kisha zamu inakwisha, unapanda ngazi, unafungua mlango wa chuma, na unapigwa na upepo ambao haujapita juu ya nchi ya mtu yeyote.

"Labda daktari wao ana hoja," alisema wakila chakula cha mchana.

"Hoja gani?"

"Kule nilikuwa nakohoa kidogo. Hapa imezidi."

Dorika aliacha kula. "Kwa hiyo ugonjwa ni huku kwetu. Ugonjwa ni sisi."

Dorika alikusanya vyombo vyake akatoka.

Siku ya daktari walikwenda hospitali pamoja. Daktari Ignas alikuwa kijana kuliko walivyotarajia. Aliinuka akawaamkia shikamoo wote wawili kabla ya kukaa. Alitazama picha za kifua, akamwomba Hezekia atembee mpaka mwisho wa korido na kurudi, kwa mwendo wake wa kawaida.

Hezekia hakutembea kwa mwendo wake wa kawaida. Alitoka kwa kasi kama mtu aliyeitwa kwenye zamu, mabega juu, akitaka waone. Alifika mwisho, akageuka. Katikati ya njia kifua kikambana, korido ikaanza kuzunguka. Kitu alichokijua baada ya hapo ni mkono wa Dorika chini ya kwapa lake, ukimwongoza kwenye benchi.

Daktari alisubiri pumzi irudi. "Mzee, niambie mwenyewe. Kukosa pumzi kulianza lini? Kulikuanzia nyumbani, au melini?"

Lilikuwa swali dogo tu. Angesema nyumbani, huenda mlango wa chuma ungefunguka tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mkono wa Dorika ulikuwa bado unamsugua mgongo taratibu, kama anavyosuguliwa mtoto mwenye kwikwi, na haukuwa na kinyongo.

"Ndani ya tangi," alisema. "Nilianguka mle, mwenzangu akanivuta nje kwa mabega. Tangu siku ile sijawahi kuvuta pumzi ikafika chini."

Jibu lilitoka mwezi uliofuata. Kazi ndiyo iliyomwumiza, na baharini asirudi tena maisha yake yote.

"Tumeshinda, mzee!" Anastazia alipaza sauti kwenye simu.

"Asante, mwanangu. Mungu akubariki." Akampa Dorika simu, akatoka kukaa kibarazani. Alilia bila sauti, kofia magotini, na mtu aliyepita njiani alipomwamkia, aliitikia kama kawaida.

Baadaye Dorika alikuja na ungo wa mtama, akaketi kando yake. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuuliza habari za meli. Aliziona kama habari za mke mwenzake. Alipepeta kidogo, akauweka ungo chini.

"Kule chini kulikuwaje?" aliuliza. "Niambie vizuri, nami nione."

Hezekia alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Kwanza ni joto," alianza. "Ukishuka ngazi ya kwanza tu, shati lote limelowa."

"Halafu?"

Akasogea, akamwonyesha kwa mikono mahali injini ilipokuwa, na upande aliokuwa akisimama.